Kata boriti kwanza, kanuni baadaye: uzi kwa wanaohangaika na momenti na mkazo

Mleta mada

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Uzi huu ni kwa wanafunzi wa uhandisi na wa ufundi wa ujenzi waliofika kwenye mada ya boriti, ile ambayo kwenye saiti tunaiita bimu, na ambao wanaona kwamba kadiri wanavyokariri kanuni ndivyo maswali yanavyozidi kuwaponyoka. Nilipita huko huko. Katika jaribio langu la kwanza la somo hili nilipata alama 11 kati ya 40, na wala sikuwa mvivu: kanuni zote nilikuwa nimezibandika ukutani juu ya kitanda changu bwenini, na wL²/8 (w ni mzigo kwa kila mita, L ni urefu wa boriti) ningeweza kuitaja hata usingizini.

Swali lililoniangusha lilikuwa fupi. Boriti ya mita 4 imeegemea ncha zake mbili, A kushoto na B kulia, na mzigo wa kilonewtoni 12 umewekwa mita 1 kutoka A. Tafuta momenti kubwa kabisa ya kupinda (momenti ni uwezo wa nguvu kuzungusha kitu, yaani nguvu mara umbali). Kanuni niliyokuwa nayo kwa mzigo mmoja ilikuwa PL/4, P ikiwa mzigo wenyewe, basi nikazidisha 12 kwa 4, nikagawanya kwa 4, nikaandika 12. Jibu ni 9. Kanuni ile ni ya mzigo uliokaa katikati kabisa, na kwa kuwa sikuwahi kujiuliza imetoka wapi, sikuwa na njia ya kujua kwamba nimeitoa nje ya mipaka yake.

Msaidizi mmoja wa maabara ndiye aliyenitoa gizani. Alichora boriti ile kwenye karatasi, akachukua mkasi, akaikata, akanipa kipande cha kushoto na kuniuliza: «Hiki mbona hakianguki?» Niliduwaa. Hata hivyo, swali hilo ndilo somo zima, na kila kitu nitakachoeleza hapa chini kinatoka humo.

Kabla ya kukata, tafuta kwanza kila egemeo linabeba nini. Simama pale B kwa fikra na uhesabu mizunguko: mzigo wa 12 uko mita 3 kutoka hapo, kwa hiyo unataka kuizungusha boriti kwa momenti ya 36, na A, iliyo mita 4 kutoka B, lazima iizuie kwa kusukuma juu kwa 36 kugawanya kwa 4, yaani kilonewtoni 9. Zilizobaki 3 zinabebwa na B. Ukisimama pale A na kurudia hesabu, utapata 3 zile zile, na usipozipata usiendelee mbele hata hatua moja.

Sasa kata mita 2.5 kutoka A na ushike kipande cha kushoto peke yake. Kinasukumwa juu na 9 kutoka kwenye egemeo, kinasukumwa chini na 12 kutoka kwenye mzigo, na kwa hiyo kingeanguka kwa 3 kama uso uliokatwa usingekisukuma juu kwa 3. Hiyo ndiyo nguvu ya shea: msaada ambao kipande kimoja kinampa mwenzake kupitia uso ule ili kisiteleze. Kisha angalia mzunguko kuhusu pale ulipokata. Egemeo la A linataka kukizungusha kipande kwa 9 mara 2.5, yaani 22.5, mzigo unakirudisha kwa 12 mara 1.5, yaani 18, zinabaki 4.5 ambazo hazina wa kuzizuia isipokuwa uso uliokatwa. Hizo kilonewtoni-mita 4.5 ndizo momenti ya kupinda mahali pale. Shika kipande cha kulia uone kama kinasema jambo lile lile: B inasukuma 3 kwa umbali wa mita 1.5, jumla 4.5. Ukikata chini ya mzigo wenyewe, unapata 9 mara 1, yaani 9, na ndilo jibu lililonipita.

Tazameni kwamba hapa hapakuhitajika kanuni yoyote ya kukariri. Palihitajika mkasi.

Lakini momenti hiyo inabebwaje na mbao au chuma? Chukua kipande cha sponji ya godoro, chora mistari ya wima ubavuni mwake kila sentimita 2, kiweke juu ya vikombe viwili na ubonyeze katikati. Juu, mistari inasogeleana, chini, inaachana, na katikati ya kimo kuna tabaka moja ambalo umbali haukubadilika hata kidogo. Nitaliita mstari tulivu, kwa kuwa hapo nyuzi hazivutwi wala hazigandamizwi. Jambo la kushangaza, na ambalo wengi hulitazama bila kuliona, ni kwamba mistari ile imeinama lakini imebaki kuwa mistari iliyonyooka. Kwa kuwa imebaki imenyooka, kiasi ambacho uzi wa mbao unavutika au unafupika kinaongezeka sawasawa na umbali wake kutoka kwenye mstari tulivu. Na kwa kuwa Robert Hooke alishatangaza mwaka 1678 kwamba mvutiko huenda sambamba na nguvu, mkazo, yaani nguvu kwa kila kipimo cha eneo, nao unaongezeka vivyo hivyo, ukiwa sifuri kwenye mstari tulivu na mkubwa kabisa kwenye kingo za juu na chini. Sehemu ya juu inasukuma, sehemu ya chini inavuta, na hizo mbili kwa pamoja zinaizuia momenti kama mikono miwili iliyoshika usukani pande mbili.

Kanuni ya mkazo inasema hayo tu kwa kifupi: mkazo ni M mara y kugawanya kwa I, ambapo M ni momenti, y ni umbali kutoka kwenye mstari tulivu na I ni kipimo cha jinsi eneo la uso uliokatwa lilivyotawanyika mbali na mstari huo. Kwa umbo la mstatili, I ni upana mara kimo kwa kipeo cha tatu, kugawanya kwa 12.

Mfano mmoja wa mbao, kisha nawaachia nafasi. Ubao wa mbili kwa sita, ambao tuuhesabu milimita 50 kwa 150, umeegemea ncha zake kwa umbali wa mita 3 na unabeba kilonewtoni 1 kwa kila mita. Kata katikati: egemeo linasukuma 1.5 kwa umbali wa mita 1.5, hiyo ni 2.25, mzigo ulio juu ya kipande hicho ni 1.5 na kitovu chake kiko mita 0.75 kutoka ulipokata, hiyo ni 1.125, tofauti ni 1.125. Ile wL²/8 ya ukutani kwangu inatoa hivyo hivyo, na sasa unajua imezaliwaje. Ubao ukisimama, yaani kimo kikiwa 150, I yake ni 14,062,500 kwa milimita kipeo cha nne, na mkazo kwenye kingo ni newtoni 6 kwa milimita ya mraba. Ukiulaza, mkazo unakuwa 18. Mbao ni ile ile, bei ni ile ile, mzigo ni ule ule.

Mchangiaji, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Mkuu, asante kwa uzi. Nina maswali mawili ambayo naona aibu kuuliza darasani. Kwanza, kwa nini kimo kina kipeo cha tatu na upana hauna? Pili, tunajuaje kwamba mstari tulivu uko katikati? Mhadhiri aliandika tu ubaoni «unapita kwenye kitovu cha eneo», akaendelea.

Mleta mada

Usione aibu, hayo ndiyo maswali yenyewe.

Gawanya uso uliokatwa katika vijipande vyembamba vilivyolala. Kijipande kilicho mbali na mstari tulivu kina faida mbili kwa mpigo: kwanza kina mkazo mkubwa zaidi, maana kimevutika zaidi, pili, nguvu yake ina mkono mrefu zaidi wa kuzungushia. Umbali unahesabika mara mbili, na ndiyo maana ndani ya I kila kijipande huzidishwa kwa mraba wa umbali wake. Kisha, ukiongeza kimo, unaongeza pia idadi ya vijipande vyenyewe, na hiyo ndiyo mara ya tatu. Ukiongeza upana, unarefusha tu vijipande vilivyopo bila kuvisogeza mbali, kwa hiyo upana unahesabika mara moja. Kwa ubao wetu, kuusimamisha badala ya kuulaza kunapunguza mkazo mara 3 lakini kunapunguza kushuka kwake mara 9: ukichukua moduli ya Young ya mbao, yaani kipimo cha jinsi inavyokataa kuvutika, kuwa newtoni 10,000 kwa milimita ya mraba, ubao uliosimama unashuka milimita 7.5 katikati, na uliolala unashuka 67.5. Huo wa pili hautavunjika pengine, lakini hakuna mwenye nyumba atakayekubali kulala chini yake.

Kuhusu mstari tulivu, rudi kwenye mkasi. Kipande ulichokikata hakivutwi kushoto wala kulia na kitu chochote cha nje. Kwa hiyo jumla ya nguvu zote za kusukuma kwenye uso ule lazima ilingane na jumla ya nguvu zote za kuvuta, la sivyo kipande kingesafiri. Mkazo unapokuwa sawia na umbali, usawa huo hupatikana pale tu mstari unapopita kwenye kitovu cha eneo. Kwa mstatili ni katikati. Kwa umbo la herufi T si katikati, na hapo ndipo wengi hupoteza alama, kwa sababu wanaweka y moja kwa kingo zote mbili ilhali moja iko mbali kuliko nyingine.

Kama ni faraja kwako, Galileo Galilei mwenyewe alikosea hapo. Katika kitabu chake kilichochapishwa Leiden mwaka 1638, kuna mchoro wa boriti iliyochomekwa ukutani na mzigo ukining'inia nchani, naye alidhani kwamba boriti inazunguka juu ya kingo ya chini na kwamba nyuzi zote juu ya kingo hiyo zinavutwa kwa nguvu sawa. Kwa dhana hiyo, momenti ambayo boriti inaweza kuizuia inakuwa mkazo mara upana mara mraba wa kimo kugawanya kwa 2. Sisi leo tunagawanya kwa 6. Alizidisha nguvu ya boriti mara tatu. Hata hivyo aliona sawasawa kwamba kinachotawala ni upana mara mraba wa kimo, na alieleza wazi kwa nini ubao uliosimama unabeba kuliko uliolala. Antoine Parent alilisogelea jibu mwaka 1713, Coulomb akaweka usawa wa nguvu mahali pake mwaka 1773, na Navier akaipa nadharia hii sura tunayofundishwa katika mihadhara yake ya mwaka 1826. Karibu miaka 190 kwa jambo unalotakiwa kulielewa katika wiki mbili; usijilaumu sana.

Mchangiaji, fundi mkuu wa ujenzi

Vijana wangu, nimesoma kwa makini. Mimi sikufika chuo kikuu lakini nimefunga nondo kwa miaka mingi, na naomba kijana alete jambo la kibaraza, maana hesabu hizi zikibaki kwenye mbao tu, watu watafika saiti na kulaza nondo mahali pasipo pake.

Mleta mada

Shikamoo fundi, na umenigusa penye kidonda.

Zege linagandamizwa vizuri sana lakini likivutwa halina lake: uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kugandamizwa. Nondo huwekwa ili ivutwe badala ya zege. Kwa hiyo swali la kwanza kwa boriti ya zege, kabla ya ukubwa wa nondo na idadi yake, ni upande gani unavutwa. Boriti iliyoegemea ncha mbili inalegea kama kitanda cha kamba kilichochoka, na upande wa chini ndio unaovutwa. Kibaraza kilichotokeza nje ya ukuta bila nguzo kinabinuka kinyume chake, kama mgongo wa paka aliyeshtuka, na upande wa juu ndio unaovutwa.

Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, kwenye nyumba moja ya ghorofa, kulikuwa na kibaraza kilichotokeza mita 1.2. Tulihesabu mzigo wa kilonewtoni 6 kwa kila mita ya mraba, pamoja na uzito wa zege lenyewe. Kwa upana wa mita 1, ukikata pale ukutani na kushika kipande cha nje, mzigo wote ni 7.2 na kitovu chake kiko mita 0.6 kutoka ukutani, hivyo momenti ni 4.32. Si namba ya kutisha. Lakini nondo zilikuwa zimelazwa chini, sawa na za slabu ya chumba, kwa sababu waliozifunga walifuata mazoea na sisi wanafunzi tuliokuwapo tulikuwa tunajua momenti ni ngapi bila kujua inavuta wapi. Mirunda ilipoondolewa, ufa ulifunguka juu, sambamba na ukuta, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mirunda ikarudishwa haraka, zege likabomolewa, kazi ikaanza upya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezihesabu nondo hizo asubuhi ya kumwaga zege, nikaandika kwamba idadi ni sahihi. Na ilikuwa sahihi.

Tangu hapo, alama ya kujumlisha na kutoa kwenye mchoro wa momenti sikuichukulia tena kuwa jambo la kupendeza mhadhiri. Wengine huchora momenti ya kulegea juu ya mstari, wengine chini. Fuata mtindo wowote, lakini pendelea ule wa kuchora upande unaovutwa, kwa sababu mchoro wako unageuka kuwa ramani ya nondo.

Mchangiaji, fundi mkuu wa ujenzi

Marahaba. Niongeze moja tu. Hata nondo za juu zikifungwa vizuri, vijana wa kubeba zege huzikanyaga wakati wa kumwaga, na zikishuka sentimita 5 kwenye slabu ya sentimita 15, ni kama hazipo. Lazima ziwekewe chini yake vipande vya nondo vilivyokunjwa kama viti.

Mleta mada

Fundi, wanafunzi wazingatie kwamba ulichokisema ni ile y na ule mkono wa nguvu, kwa lugha ya saiti.

Mchangiaji kutoka Lamu

Mleta mada, neno boriti kwetu bado ni mti. Ni daraja mojawapo ya miti ya mikoko, baada ya fito na pau na kabla ya nguzo, na huuzwa kwa korija, yaani miti 20. Wazee husema kwamba vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu ya boriti. Je, hesabu zako zinaweza kuonyesha hivyo, au ni urefu wa mti tu?

Mleta mada

Swali hili limenikosesha usingizi, nami nashukuru kwa hilo.

Vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi mita 2.5 hadi 3, na juu yake boriti zimepangwa karibu karibu zikibeba dari nene la mawe ya matumbawe na chokaa. Miti hiyo hiyo ilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba, na huko nako vyumba vya nyumba za zamani vikachukua kipimo chake.

Nilifanya makadirio yangu mwenyewe: mti wa kipenyo cha milimita 120, upana wa chumba mita 2.5, na kila boriti ikibeba kilonewtoni 2 kwa mita, kwa kuwa dari lile ni zito. Momenti katikati ni 2 mara 6.25 kugawanya kwa 8, yaani 1.56. Kwa umbo la duara, I ni pai mara kipenyo kwa kipeo cha nne kugawanya kwa 64, na mkazo kwenye kingo unatoka kama newtoni 9.2 kwa milimita ya mraba, kiasi ambacho mti mgumu wa mkoko unakistahimili. Kushuka, kwa moduli ile ile ya 10,000, ni kama milimita 10.

Sasa tuseme seremala amepata mti wa kipenyo hicho hicho wenye urefu wa kutosha chumba cha mita 5. Momenti inafuata mraba wa urefu, kwa hiyo mkazo unapanda mara 4 hadi karibu 37. Na kushuka, ambako kunafuata kipeo cha nne cha urefu, kunapanda mara 16, hadi milimita 160. Dari la chokaa lingepasuka muda mrefu kabla mti haujavunjika. Kwa hiyo wazee wako sahihi, na sababu ni zaidi ya urefu wa mti: hata bahari ingeleta miti mirefu mara mbili, unene ukibaki ule ule, chumba kisingeweza kupanuka mara mbili. Ili kushuka kwenye chumba cha mita 5 kusizidi milimita 10 zile zile, kipenyo kinapaswa kuwa mara mbili, milimita 240, na huo si mti wa kubebwa begani na mtu mmoja.

Mchangiaji, mwanafunzi wa chuo cha ufundi

Mimi tatizo langu ni dogo lakini linanimaliza. Njia naijua, michoro naichora vizuri, jibu linatoka la ajabu. Jana nilipata mkazo wa 0.000006 kwenye ubao.

Mleta mada

Hiyo ni newtoni 6 iliyopotea njia. Umeweka momenti kwa kilonewtoni-mita na I kwa milimita. Geuza kila kitu kiwe newtoni na milimita kabla ya kugusa kikokotoo: kilonewtoni-mita 1 ni newtoni-milimita milioni 1. Jibu litatoka kwa newtoni kwa milimita ya mraba, ambayo ndiyo megapaskali. Pia kaa na vipimo vichache kichwani ili uweze kujikagua: mbao za kazi hubebeshwa mkazo wa takriban 5 hadi 15, chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kulegea kabisa kwenye 250 au 275. Ukipata 6,000 kwenye ubao, usiandike kwamba ubao ni salama.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ndugu, umezungumzia mkazo wa kupinda na kuipita shea kama mtu apitaye nyumba ya mdai wake. Shea inafanya nini ndani ya boriti?

Mleta mada

Nimekiri kosa. Shika daftari lenye kurasa nyingi kwa ncha zake mbili na ulipinde: kurasa zinateleza, kila moja juu ya mwenzake. Sasa libane kwa vibanio imara pande zote na ujaribu tena. Linakuwa gumu ghafla. Ule utelezi uliozuiwa ndio shea inayokwenda kwa mlalo ndani ya boriti, na inakuwa kubwa kabisa kwenye mstari tulivu, pale pale ambapo mkazo wa kupinda ni sifuri. Kwa mstatili, kiwango chake cha juu ni mara moja na nusu ya nguvu ya shea kugawanya kwa eneo. Kwa ubao wetu wa mbili kwa sita, nguvu ya shea kwenye egemeo ni newtoni 1,500 na eneo ni 7,500, basi tunapata 0.3. Ni ndogo mara 20 kuliko ule mkazo wa 6, lakini mbao hupasuka kwa wepesi kufuata nyuzi zake, na ndilo jambo lililomshughulisha mhandisi Mrusi Dmitri Zhuravsky alipokuwa akijenga madaraja ya mbao ya reli ya St Petersburg hadi Moscow katikati ya karne ya 19.

Ukiweka mbao mbili za 50 kwa 75 moja juu ya nyingine bila gundi wala misumari, kimo chake kwa pamoja ni 150, lakini zinashuka mara 4 zaidi ya ubao mmoja mzima. Mafundi wa kenchi wanaopigilia mbao pamoja kwa misumari michache wakidhani wamepata ubao mmoja mnene wanapaswa kuliangalia daftari hilo.

Mchangiaji, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Mkuu, nimejaribu swali la mazoezi na nimekwama. Boriti ya zege ya mita 6, egemeo A liko ncha ya kushoto, egemeo B liko mita 4 kutoka A, na mita 2 za mwisho zinatokeza hewani. Mzigo ni kilonewtoni 10 kwa mita kwenye urefu wote. Jumla ni 60, nikazigawa 30 kwa 30. Baada ya hapo mchoro wangu haufungi: mwisho wa kulia momenti inatoka 60 badala ya sifuri.

Mleta mada

Mchoro kukataa kufunga ndiyo njia yake ya kukuambia kwamba umegawa vibaya. Kitovu cha mzigo wote kiko mita 3 kutoka A, na B iko mita 4. Simama pale A uhesabu upya. Kisha kata sehemu tatu: juu ya B, pale shea inapofika sifuri, na pale momenti yenyewe inapofika sifuri. Juu ya B shika kipande cha kulia, ni kifupi na hakina egemeo. Usinionyeshe kanuni, nionyeshe vipande.

Mchangiaji, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Nimerudi. B inabeba 60 mara 3 kugawanya kwa 4, yaani 45, na A inabeba 15. Juu ya B, kipande cha kulia kina mzigo wa 20 na kitovu chake kiko mita 1, kwa hiyo momenti ni 20 na inavuta upande wa juu. Shea inafika sifuri mita 1.5 kutoka A. Hapo momenti ni 22.5 kutoa 11.25, yaani 11.25, na inavuta chini. Kisha nimekata mita 3 kutoka A: 45 kutoa 45, sifuri. Kwa hiyo kutoka A hadi mita 3 nondo kuu ziwe chini, na kutoka hapo hadi ncha ya kulia ziwe juu. Kwenye mchoro wangu wa kwanza nilikuwa nimezipitisha zote chini hadi mwisho.

Mchangiaji, fundi mkuu wa ujenzi

Sawa kabisa, mwanangu. Ila hizo za juu usizikate hapo hapo kwenye mita 3. Zirudishe ndani zaidi kuelekea A, zipate pa kushika kwenye zege, na za chini chache ziache zipite hadi mwisho ili ringi zipate pa kufungwa.